Kusaka kutu na nyufa kwenye mabomba ya chuma bila kuyakata

Mwongozo huu ni wa fundi wa matengenezo au mkaguzi aliyekabidhiwa mabomba ya kiwanda, bohari ya mafuta au chumba cha boila, mwenye vifaa vitatu: geji ya kupima unene kwa mawimbi ya sauti, makopo matatu ya rangi ya kupenya, na yoki ya sumaku (sumaku ya umeme yenye miguu miwili). Kwa vifaa hivyo sehemu kubwa ya ukaguzi wa kila mwaka inafanyika bila kukata kitu, na mara nyingi bila kusimamisha uzalishaji. Mfano tutakaokwenda nao ni bomba la inchi 6, skejuli 40 (daraja la unene wa ukuta), la chuma cha kaboni: kipenyo cha nje mm 168.3, ukuta mm 7.11. Kiwango cha utengenezaji kinaruhusu ukuta upungue hadi asilimia 12.5, kwa hiyo bomba jipya kabisa linaweza kuwa na mm 6.2 mahali fulani na likawa halali. Anayelijua hilo hatapiga kelele za kutu mwaka wa kwanza.

Geji ya kisasa haikosei sana. Anayekosea ni mtu, na kosa lake kubwa ni kuiweka mahali pasipo na tatizo. Ndiyo maana hapa tumetumia nafasi kubwa zaidi kueleza pa kupima kuliko namna ya kubonyeza vitufe.

Kabla ya kugusa bomba

Chukua kibali cha kazi, kisha uliza mambo matano: kinachopita ndani ni nini, presha ngapi, joto kiasi gani, bomba lilifungwa mwaka gani, na wapi limewahi kukatwa au kuwekewa kiraka. Swali la mwisho hujibiwa vizuri zaidi na mafundi wa zamu kuliko michoro ya ofisini.

Pita kwanza kwa macho, mwanzo hadi mwisho, na tochi mkononi. Tafuta rangi iliyovimba, madoa ya kahawia yanayotiririka kutoka chini ya vishikizo, bati lililobonyea juu ya sufi ya kuzuia joto, flanji zinazovuja. Ukikuta magamba manene ya kutu kwenye bomba lenye presha, usiyagonge kwa nyundo wala kuyakwangua. Kuna wakati gamba lenyewe ndilo linaloziba tundu. Omba presha ishushwe na bomba litengwe kwanza. Vilevile usitishwe na unene wa magamba: kutu hufura, na kwa kawaida huchukua nafasi mara 7 hadi 10 ya chuma kilicholiwa. Magamba ya sentimita moja yanaweza kuwa yametokana na milimita moja tu ya ukuta. Kinachohesabiwa ni chuma kilichobaki.

Kuchagua pa kupima

Kutu haili bomba sawasawa. Inakula pale ambapo mwendo wa kimiminika unavurugika, pale maji yanapotuama, na pale hewa, maji na chumvi vinapokutana nje ya bomba.

Anza na elbo. Mgongo wake, yaani upande wa nje wa kona, ndio unaopigwa na mwendo, hasa kama ndani kuna mvuke wenye matone ya maji au mafuta yenye mchanga. Halafu nenda mbele kidogo ya kila vali ya kudhibiti na kila orifisi (kisahani chenye tundu dogo ndani ya bomba): pale presha inaposhuka ghafla mtiririko huchafuka, na bomba lililonyooka baada ya vali huweza kuliwa kuliko elbo iliyo mbali. Redyusa (kiungo cha kupunguza kipenyo) na tii (kiungo cha kutoa tawi) zifuate. Kwenye tii, pima ukuta unaotazamana na mlango wa tawi.

Matawi yasiyopitisha kitu yanasahaulika kuliko yote. Lile tawi la inchi 2 lililobaki baada ya pampu ya zamani kuondolewa, lenye kifuniko kipofu mwishoni, hukusanya maji na matope na kutulia hivyo kwa miaka. Lipime mwishoni na chini. Pima pia kila mahali ambapo bomba linashuka na kupanda tena, kwa sababu kwenye laini ya mafuta maji hutengana na kukaa chini kabisa. Kwenye laini ya gesi yenye unyevu usitazame chini peke yake. Mvuke wa maji hugeuka matone juu, kwenye paa la bomba, na kutiririka pembeni.

Vishikizo ni somo la peke yake. Bomba likilala juu ya boriti ya chuma, kati yao kunabaki mwanya mwembamba unaonyonya maji ya mvua na kukataa kukauka. Kwenye viwanda vya Tanga, Mombasa na Dar es Salaam upepo wa bahari unaongeza chumvi, na chumvi hiyo humaliza ukuta kutoka nje huku sehemu nyingine ya bomba ikiwa safi. Probu, yaani kichwa cha geji kinachogusa bomba, haiingii kwenye mwanya huo. Pima kulia na kushoto karibu kabisa na kishikizo, tazama kama kuna ukingo wa shimo unaochungulia, na panga bomba liinuliwe kidogo wakati wa kusimama kwa kiwanda. Usiliinue likiwa kazini: bomba lililobaki na milimita mbili linaweza kuachia pale pale jeki inapolisogeza.

Bomba linapoingia ardhini, chimba. Sentimita 30 chini ya uso wa udongo na sentimita 15 juu yake ndio ukanda unaoliwa zaidi, maana hapo kuna unyevu na hewa kwa pamoja, na hapo ndipo mkanda wa kulinda bomba huchanika kwa jua na kwa majembe ya wafyeka nyasi.

Liko jambo moja zaidi ambalo wengi hulikwepa kwa sababu linaongeza kazi: pima kila kipande walau mara moja, yaani kila bomba kati ya weldi na weldi, hata lile lililonyooka lisilo na sababu ya kuliwa. Tarehe 6 Agosti 2012, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Chevron kilichoko Richmond, California, bomba la inchi 8 lililofungwa mwaka 1976 lilipasuka na kuwaka moto, na maelfu ya wakazi wa jirani wakaenda kutafuta matibabu. Uchunguzi ulionyesha kuwa kipande cha urefu wa mita 1.3 hivi kilikuwa na silikoni kidogo kuliko vipande vya jirani, kwa hiyo salfa iliyokuwa kwenye mafuta ya moto ilikila kwa kasi zaidi. Laini hiyo ilikuwa ikipimwa. Lakini vipimo vya elbo zenye chuma bora haviwezi kukwambia hali ya kipande chenye chuma dhaifu kilichochomelewa katikati yake.

Kila mahali ulipochagua pape namba, pachore kwenye mchoro wa laini, na weka alama kwa kalamu ya rangi. Usitumie patasi wala pantsi. Unaanzisha ufa mwenyewe. Kwenye kila mzunguko pima sehemu nne: juu, chini, kulia, kushoto, ukiwa umetazama uelekeo wa mtiririko. Andika hivyo hivyo kwa maneno. Fomu nyingi za nje hutaja nafasi kwa saa, ambapo 6 ni chini ya bomba. Ukimwambia fundi wetu "saa sita", atapima juu.

Kusafisha uso

Unahitaji eneo la mraba la sentimita 4 au 5 tu. Toa magamba yaliyolegea kwa brashi ya waya, malizia na msasa namba 80 mpaka uso uwe laini ukiupitishia kidole. Rangi iliyoshika vizuri iache kama geji yako ina uwezo wa kuiruka (tutafika hapo). Usitumie graenda kutafuta chuma kinachong'aa. Inakula ukuta unaotaka kuupima, na inaacha bonde linaloinua ukingo wa probu. Ukimaliza kupima, futa jeli na upake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, la sivyo mwakani utakuta umejitengenezea shimo jipya.

Kuipanga geji

Probu ya kawaida kwa kazi hii ni ya vioo viwili, MHz 5, kipenyo cha mm 10 hivi. Kioo kimoja hutuma sauti, kingine hupokea mwangwi kutoka upande wa ndani wa ukuta. Geji inapima muda tu. Unene ni hesabu inayofanya kwa kutumia kasi ya sauti uliyoipa. Ukiipa kasi isiyo sahihi, itakupa unene usio sahihi bila kusita.

1. Washa geji na uiache dakika chache kivulini ifikie joto la mazingira. Weka probu kwenye kisahani cha geji chenye jeli na ubonyeze sifuri, kama maelekezo ya geji yako yanavyosema.
2. Ingiza kasi ya chuma cha kaboni: mita 5,920 kwa sekunde. Kwa chuma cha pua aina ya 304 au 316 kasi ni karibu 5,700 na kidogo. Ukipima chuma cha pua kwa kasi ya chuma cha kaboni, utasoma unene uliozidi kwa asilimia 3 hivi.
3. Chukua kipande cha ngazi, chenye unene unaojulikana kwa kila ngazi, cha chuma kile kile. Chagua ngazi mbili zinazozunguka unene unaoutarajia: kwa bomba letu mm 2.5 na mm 10 zinafaa. Pima nyembamba, rekebisha sifuri. Pima nene, rekebisha kasi. Rudi kwenye nyembamba. Zungusha hivyo mpaka zote mbili zisomeke ndani ya mm 0.05.
4. Pima ngazi ya katikati ambayo hukuigusa. Ikisomeka sawa, anza kazi.
5. Rudia ukaguzi huo kila baada ya saa moja hivi, ukibadilisha probu au betri, na mwisho wa siku. Ikikutwa imehama, vipimo vyote tangu ukaguzi uliopita havina thamani. Pima upya.

Kupima

Weka tone la jeli. Jeli maalumu ndiyo bora, lakini gliserini inafaa, na kwenye uso uliosimama grisi nyepesi haitiririki. Bila kitu hicho sauti haivuki hewa iliyo kati ya probu na chuma, na geji haisomi kitu.

Bonyeza probu wima, kwa nguvu ya wastani, mpaka namba itulie. Tazama ule mstari mwembamba unaogawanya uso wa probu: kwenye bomba unatakiwa ukate mhimili wa bomba kwa pembe mraba. Kwenye mabomba madogo chini ya inchi 4, izungushe probu nyuzi 90, soma mara mbili, na andika ndogo.

Kwenye kila alama usitosheke na kugusa mara moja. Telezesha probu polepole ndani ya duara la sentimita 5 hivi na uandike kipimo kidogo kuliko vyote ulivyoviona. Ukikuta pahali palipopungua kuliko jirani zake kwa zaidi ya mm 1, chora miraba ya mm 25 kuzunguka hapo, pima kila mraba, endelea kuipanua mpaka namba zirudi za kawaida pande zote. Wahandisi wataulizia upana wa eneo lililoliwa, si kina chake tu.

Namba zinazodanganya

Hapa ndipo uzoefu unapojipambanua.

Rangi. Geji inayotumia mwangwi wa kwanza huhesabu rangi kama chuma. Sauti kwenye rangi huenda polepole, karibu mita 2,500 kwa sekunde, kwa hiyo rangi ya mm 0.3 inaongeza takriban mm 0.7 kwenye kipimo. Bomba lililoliwa nusu milimita linasomeka limenenepa! Dawa ni kutumia hali ya mwangwi kwa mwangwi, ambapo geji hupima kati ya mwangwi wa pili na wa kwanza na kuiacha rangi nje ya hesabu, au kuondoa rangi. Hali hiyo inahitaji upande wa ndani uwe laini kiasi. Ndani kukiwa na mashimo mashimo geji haipati mwangwi wa pili, na hapo huna budi kukwangua.

Namba maradufu. Ukuta ukiwa mwembamba kuliko uwezo wa probu, geji hukosa mwangwi wa kwanza na kuchukua wa pili. Ukuta wa mm 1.0 unasomeka 2.0. Ndiyo sababu namba "nzuri" katikati ya namba zinazoporomoka inatia shaka kuliko kuliwaza. Ukiona 3.1, 2.4, 1.8, kisha ghafla 2.6, badilisha probu, chukua ya MHz 7.5 au 10 inayofaa kuta nyembamba.

Nusu. Kinyume chake, bomba la mm 7.11 likisoma 3.5 mahali pamoja, na jirani yake sentimita moja tu ikasoma 7.0, huenda si kutu. Chuma kinaweza kuwa na tabaka lililoachana katikati ya ukuta tangu kiwandani. Geji yenye skrini ya mwangwi hukusaidia hapa: tabaka hutoa mwangwi mkali, mwembamba, unaojirudia kwa umbali sawa, na namba huruka kwa hatua moja, kutu hutoa mwangwi mpana wenye vilima na namba hushuka taratibu. Kwa sababu hiyo hatupendekezi geji ya namba tupu kwa kazi yoyote yenye uamuzi wa usalama. Inafaa kwa duka la vyuma.

Joto. Probu ya kawaida haistahimili zaidi ya nyuzi 50 au 60 za selsiasi. Kwa laini za mvuke tafuta probu ya joto na jeli yake, gusa kwa sekunde 5 hivi, ondoa, ipoze. Chuma cha moto hupunguza kasi ya sauti, na kipimo hupanda kwa takriban asilimia 1 kwa kila nyuzi 55. Kama ulipanga geji kwenye kipande cha nyuzi 30 ukapima bomba la nyuzi 150, ukuta wa mm 6.00 utasomeka 6.13. Andika joto la bomba kando ya kila kipimo ili marekebisho yafanyike kwa hesabu.

Vijishimo. Shimo la kutu lenye mdomo mdogo kuliko probu linaweza kupitwa kabisa. Likiwa nje, lipime kwa geji ya kina ya sindano, kisha toa kina hicho kwenye unene wa ukuta ulio kando yake. Likiwa ndani, tafuta mahali ambapo mwangwi unafifia au kupotea bila sababu; kupotea kwa mwangwi ni taarifa, usiandike "haikusomeka" ukaondoka.

Hesabu

Tuseme alama namba 14 ilisoma mm 7.0 mwaka 2014, 6.5 mwaka 2019, na 5.6 mwaka 2024. Kasi ya muda mrefu ni mm 1.4 kwa miaka 10, yaani 0.14 kwa mwaka. Kasi ya karibuni ni mm 0.9 kwa miaka 5, yaani 0.18. Kuliwa kumeongezeka, tumia 0.18, na uulize kilichobadilika mwaka 2019.

Sasa unene wa chini unaohitajika. Kwa presha ya bar 20 (MPa 2) na chuma chenye mkazo unaoruhusiwa wa MPa 138, hesabu ni presha mara kipenyo, gawanya kwa mara mbili ya mkazo: 2 × 168.3 ÷ 276, unapata mm 1.2 tu. Usiichukue hiyo kama ruhusa. Bomba linajibeba lenyewe, linabeba vali, linakanyagwa na watu. Mwongozo wa API 574, wa Taasisi ya Petroli ya Marekani, unaweka kiwango cha chini cha mm 2.8 kwa mabomba ya chuma cha kaboni ya inchi 6 hadi 18, na mm 3.3 kama kengele ya tahadhari. Chukua kubwa kati ya hizo: 2.8.

Maisha yaliyobaki: (5.6 − 2.8) ÷ 0.18, karibu miaka 15 na nusu. API 570 inataka ukaguzi unaofuata usivuke nusu ya maisha hayo, na kwa huduma za hatari daraja la kwanza usivuke miaka 5 kwa vyovyote. Kwa hiyo, kama laini ni ya daraja hilo, alama 14 inarudiwa kabla 2029 haijaisha kutimiza miaka 5. Kipimo kikija kikubwa kuliko cha mwaka uliopita, chuma hakioti: mmoja wa wapimaji alikosea mahali, kasi au rangi. Rudi kupima kabla ya kuandika.

Chini ya sufi ya joto

Bomba lililovishwa sufi na bati ni adui wa ukaguzi. Maji yakishaingia hayatoki, na chuma cha kaboni huliwa vibaya likifanya kazi kati ya nyuzi −12 na 175 hivi. Baya zaidi ni lile linalowaka na kuzima, kwa kuwa linapita kwenye unyevu kila siku. Usifungue matundu ya kupimia kila mita mbili ukadhani umemaliza, hasa kama yamekatwa mahali panapofikika kwa urahisi. Fungua pale maji yanapoingia na yanapoishia: chini ya vishikizo vinavyotoboa bati, kwenye maungio yaliyopoteza gundi, mwisho wa bomba lililosimama, na chini ya kila mahali ambapo watu hukanyaga. Kila tundu ulilokata lizibwe kwa kifuniko chenye mpira. Lililoachwa wazi litaingiza maji ya masika yote.

Chuma cha pua kina hatari yake. Kikiwa na joto zaidi ya nyuzi 60 na chumvi ya bahari ikapenya chini ya sufi, hakipungui unene. Kinapasuka nyufa zenye matawi kama mizizi. Geji itasoma unene kamili. Hapo tumia rangi ya kupenya.

Nyufa: rangi ya kupenya

Njia hii huona nyufa zilizo wazi juu ya uso tu, kwenye chuma chochote. Joto la uso liwe kati ya nyuzi 5 na 52. Bomba lililoanikwa juani huvuka hapo saa za mchana, kwa hiyo fanya asubuhi.

1. Ondoa rangi, mafuta na magamba kwenye weldi na mm 25 kila upande. Tumia kiondoa rangi na brashi ya waya. Kwenye chuma cha pua brashi iwe ya chuma cha pua. Usipige mchanga wala usipitishe graenda kali: chuma laini hupakwa juu ya mdomo wa ufa na kuuziba.
2. Nyunyiza kisafishio, futa, acha ikauke dakika 5. Ufa uliojaa mafuta au maji haumezi rangi.
3. Paka rangi nyekundu ifunike eneo lote, iache dakika 10 hadi 30. Isikauke; ikielekea kukauka ongeza.
4. Futa kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, mara kadhaa. Kisha lowesha kitambaa kidogo kwa kisafishio na futa mpaka kibaki na uwaridi hafifu.
5. Tikisa kopo la developa (unga mweupe unaovuta rangi kutoka kwenye ufa) mpaka kokoto isikike, nyunyiza kutoka sentimita 30 hivi, utando mwembamba mweupe ambao chuma bado kinaonekana kwa mbali.
6. Tazama mara moja, kisha soma rasmi baada ya dakika 10, kabla ya dakika 60, kwenye mwanga wa lux 1,000.

Kipimo kinaharibika zaidi kwenye hatua ya 4. Mtu akiona wekundu mwingi anachukua kopo la kisafishio na kunyunyiza moja kwa moja juu ya weldi. Uso unang'aa, na rangi iliyokuwa ndani ya ufa imeoshwa nayo. Matokeo yanakuwa meupe pe, na ufa uko pale pale. Kisafishio kiende kwenye kitambaa, kamwe kisiende kwenye kazi.

Alama yenye urefu zaidi ya mara tatu ya upana wake ihesabu kama ufa. Kwa viwango vingi vya vyombo vya presha haikubaliki hata ikiwa fupi, ikishavuka mm 1.5. Nukta za mviringo hutokana na vinyweleo vya weldi. Ukitaka kujua ufa una kina, futa alama na nyunyiza developa tena: wenye kina hutoa wekundu mara ya pili. Makopo haya yanawaka moto, na mvuke wake hulewesha ndani ya tangi. Weka feni na pima hewa kabla ya kuingia.

Nyufa: sumaku

Kwenye chuma cha kaboni yoki ni ya haraka zaidi na huona nyufa nyembamba zaidi, hata zilizozibwa na uchafu. Kabla ya kazi, tandaza miguu ya yoki kwa upana utakaoutumia na uinue uzito wa kilo 4.5 kwa umeme wa AC. Isipoinua, haifai.

Safisha, paka rangi nyeupe ya kutofautisha isiyozidi mikroni 50, na iache ikauke. Weka miguu pande mbili za weldi ikiwa na nafasi ya mm 75 hadi 200, washa, nyunyiza wino mweusi wa chembe za chuma umeme ukiwa unapita, acha utiririke, kisha zima. Ukizima kabla wino haujatulia, chembe zinaoshwa. Ufa huonekana pale tu unapokata mistari ya sumaku, kwa hiyo geuza yoki nyuzi 90 na urudie kila mahali. Fundi anayepita upande mmoja tu amekagua nusu. Kisahani chenye pembe nane kikiwekwa juu ya weldi kitakuonyesha nguvu ya sumaku inaelekea wapi.

Ukingo wa weldi ukiwa na mkwaruzo au bonde, chembe hukusanyika hata pasipo ufa, lakini mstari wake ni mpana na wenye ukungu. Lainisha ukingo kidogo, rudia. Ufa halisi hurudi ukiwa mwembamba na mkali.

Vifaa vingine, kwa ufupi

Picha za miale ya gama ya iridiamu 192 huonyesha kutu bila kuvua sufi na kasoro za ndani ya weldi, lakini ni kazi ya kampuni yenye leseni. Kwa Tanzania leseni hutoka Tume ya Nguvu za Atomiki. Laini ndefu za ardhini, mfano bomba la mafuta la TAZAMA lenye kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, haziwezi kupimwa kwa mkono. Huko hupitishwa pigi, kifaa kinachosafiri ndani ya bomba kikiwa na vihisi vya sumaku, na geji ya mkono hubaki ya kuthibitisha pale pigi iliposema. Ripoti yoyote ya njia hizi itiwe saini na mtu mwenye cheti cha daraja la 2 au zaidi chini ya ISO 9712, kiwango cha kimataifa cha vyeti vya wakaguzi wa aina hii, au mfumo unaolingana nacho.

Ukikuta ufa

Usiusage kwa graenda bomba likiwa na presha. Weka alama kwenye ncha zake mbili, pima urefu, piga picha yenye rula ndani yake, na mjulishe mwenye mamlaka ya kulitenga bomba. Likishatengwa na kusafishwa gesi, saga milimita moja, pima tena kwa rangi au sumaku, saga tena, mpaka alama ipotee. Kisha pima unene uliobaki chini ya bonde hilo. Ukitosha, lainisha kingo na uache bila kuchomelea. Usipotosha, chomelea kwa utaratibu ulioidhinishwa, subiri saa 24 hadi 48 kwa sababu nyufa za hidrojeni huchelewa kutokea, ndipo urudie ukaguzi, na sentimita chache zaidi ya pale ncha za ufa wa kwanza zilipokuwa.